Mjadala: Simu ikizima isiwake tena, tuifufue wenyewe nyumbani au tusiiguse?

Mleta mada

Wakuu, nimeleta mada hii kwa sababu imenikuta nyumbani, na kwa sababu ushauri tunaopeana juu yake unaumiza watu.

Simu ya dada yangu ilitumbukia kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Akaiwahi, akaifuta, ikawa bado inawaka. Akaifukia kwenye mchele ikiwa imewashwa hivyo hivyo. Usiku akaona chaji inakaribia kwisha, akaitoa, akaichomeka. Kulipokucha ilikuwa imezima jumla: haitetemi, hailii, haionyeshi hata alama ya betri. Nilipofika mchana nikamkuta ameshashauriwa mambo matatu na watu watatu. Mmoja kasema friza, mwingine kasema drayeri ya nywele, wa tatu kasema aifungue na "kuishtua" betri kwa waya.

Nikachomoa trei ya laini, nikamulika kwa tochi. Humo ndani simu nyingi zina kikaratasi cheupe ambacho kikiguswa na maji hugeuka chekundu. Kilikuwa chekundu chote. Nikamulika tundu la chaji: unga wa mchele ulikuwa umelowa, ukaganda chini kabisa juu ya zile pini, kama uji uliokaukia kwenye sufuria. Pembeni ya pini mbili palishaanza ukungu wa kijani. Hiyo ni shaba inayoliwa.

Ndani ya simu ile kuna sauti za marehemu mama, jumbe alizokuwa anatutumia akiwa hospitali. Hazipo kwingine kokote. Ndiyo maana naandika kwa uchungu.

Swali langu: simu iliyokufa, mwenyewe ana haki na uwezo wa kuifufua nyumbani, au ni bora akae nayo mbali? Msimamo wangu ni kwamba haki anayo, chake ni chake. Ila mbinu nyingi tunazorithishana hazifufui simu, zinaimalizia. Mchele ni mfano wa kwanza. Hauvuti maji yaliyojificha chini ya kava ya chuma kwenye bodi, ile sahani ya ndani inayobeba chipu na njia za umeme za simu. Simu iliyolazwa juu ya meza penye hewa inakauka vilevile, tena bila unga. Apple wenyewe, mwanzoni mwa 2024, waliweka katika maelekezo yao kwamba iPhone iliyolowa isitiwe kwenye mchele kwa kuwa chembe zake zinaweza kuiharibu, isipulizwe kwa joto wala hewa ya mgandamizo, na pamba isichomekwe tunduni.

Kinachoua ni maji na umeme kukutana. Maji peke yake bodi inaweza kuyavumilia kwa muda. Maji yenye sabuni au chumvi, huku umeme unapita, yanakula njia za shaba saa hiyo hiyo. Kwa hiyo dada yangu alipoiacha imewashwa, kisha akaichaji, ndipo ilipofia. Kuizima lilikuwa jambo la sekunde tano, na hakuna aliyemwambia.

Karibuni.

Bisibisi

Mleta mada, pole sana kwa mama, na pole kwa dada. Lakini umeanza na simu iliyolowa, na hiyo ndiyo ngumu kuliko zote. Ukiishia hapo watu watatoka wakidhani nyumbani hapafanyiki kitu.

Simu nyingi zinazoitwa zimekufa hazijafa. Nimeshapokea kutoka kwa ndugu na majirani simu "zilizokufa" ambazo ugonjwa wake ulikuwa mfumo kuganda. Unabonyeza kitufe cha kuwashia pamoja na cha kupunguza sauti, unashikilia sekunde kumi hadi ishirini bila kuachia, inawaka. Kwa iPhone kuanzia namba 8 unabonyeza kuongeza sauti na kuachia, kupunguza sauti na kuachia, halafu unashikilia kitufe cha pembeni mpaka nembo itokee. Wengi wanaachia mapema, ndiyo maana wanasema hawakufanikiwa.

Nyingine betri imekauka kabisa. Ukiichomeka leo haitoi ishara yoyote, mtu anaichomoa baada ya dakika mbili na kutangaza msiba. Iache kwenye chaja nzima na waya mzima kwa nusu saa au zaidi, ndipo useme.

Nyingine ni kioo tu. Ipigie. Ikitetemeka au kuita, bodi iko hai. Ichomeke kwenye kompyuta uone kama inatambuliwa.

Na ile inayonifurahisha kuliko zote ni tundu la chaji. Juzi nimemtolea mama mmoja mzee. Nilichukua kijiti cha meno cha mbao, simu imezimwa, nikakwangua taratibu ukutani mwa tundu, si katikati kwenye pini. Likatoka bonge la vumbi la mfukoni, limeshonana kama kipande cha blanketi, unene wa punje ya maharage. Kila alipochomeka waya ulikuwa unagota kwenye bonge hilo, haufiki mwisho. Alikuwa ameshaambiwa anunue simu nyingine. Sindano na pini za chuma msitumie, zinaleta shoti.

Kwa hiyo mimi nasema tujaribu. Dunia ilizalisha taka za vifaa vya umeme tani milioni 62 mwaka 2022, kwa hesabu za Umoja wa Mataifa, na asilimia 22.3 tu ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu. Humo ndani zimo simu zilizohitaji kijiti cha meno.

Fundi wa Bodi

Bisibisi, yote uliyoyaandika nakubaliana nayo, kwa sababu hakuna hata moja linalohitaji kufungua simu. Shida yangu inaanzia pale mfuniko unapobanduliwa.

Nikae kidogo kwenye betri, maana hapo ndipo watu wanaumia. Betri ya simu ikijaa inafika volti 4.2 au zaidi kidogo. Ikishuka chini ya volti 2.5 hivi, sakiti ndogo ya ulinzi iliyo juu yake inakata njia, na simu inakuwa kama jiwe. Ile "kushtua" kwa waya inaruka ulinzi huo. Watu hawajui kwa nini upo. Betri ikikaa chini kiasi hicho kwa muda, shaba iliyo ndani yake inaanza kuyeyuka. Ukiilazimisha kupokea chaji, shaba ile inajijenga upya mahali pasipo pake na kuleta shoti ndani kwa ndani. Inaweza kuwaka leo, ukafurahi, ikaja kushika moto wiki ijayo ukiwa umelala nayo kitandani. Mwaka 2016 Samsung waliiondoa sokoni Galaxy Note 7 kwa sababu ya kasoro za betri, nao wana maabara na wahandisi. Wewe una waya na video.

Friza: ukiitoa, unyevu wa hewa unagandia ndani ya simu. Umeongeza maji. Drayeri inasukuma maji yaliyokuwa pembeni yaingie katikati.

Na kuna hii ya oveni, bado inazunguka. Ilianza kwa kadi za kompyuta, watu wakaihamishia kwenye simu. Risasi ya kulehemia ya siku hizi, isiyo na madini ya risasi yenyewe, inayeyuka kwenye nyuzi joto 217 hivi. Betri inaharibika kabla ya kufika huko. Hata ukiitoa betri, soketi za plastiki na kamera havirudi. Nimeletewa bodi iliyookwa: soketi zimelegea kama nta, na harufu haikutoka mezani kwangu siku mbili.

Sasa mleta mada, kuhusu sauti za mama. Zamani bodi ikifa tulikuwa tunang'oa chipu ya kumbukumbu na kuisoma kwenye mashine nyingine. Simu za sasa zinahifadhi kila kitu kwa fumbo, na ufunguo wa fumbo umefungwa ndani ya prosesa ya bodi ile ile. Bodi isipoamka, sauti hazitoki. Kwa hiyo kila jaribio la nyumbani kwenye simu yenye kitu usichoweza kukikosa ni kuchezea nafasi pekee uliyonayo. Usiichaji tena. Usiiwashe.

Mlezi

Mimi si fundi wala si mjuzi. Nina watoto. Kijana wangu wa miaka kumi na minne alibandua simu kwa kisu cha jikoni, kisu kikatoboa betri. Sikuwahi kuona moshi wa namna ile, mzito, unachoma koo. Tuliokolewa na sakafu ya simenti, maana aliiangusha akakimbia. Godoro lilikuwa hatua mbili kutoka pale.

Jamani, mnapoandika mbinu andikeni na hatari yake. Watoto wanasoma.

Bisibisi

Mlezi, nakushukuru, na nimekusikia. Yeyote anayesoma hapa: betri haichokolewi kwa chuma. Kama gundi haitoki, acha.

Lakini Fundi, kwa heshima zote, jibu hili: kwa nini kuitoa betri kunahitaji kisu? Zamani tulifungua mfuniko kwa kucha, betri ikatoka, simu ikizama tunaitoa umeme palepale. Tukaambiwa gundi ni kwa ajili ya kuzuia maji. Samsung Galaxy S5 ya mwaka 2014 ilikuwa na mfuniko wa kubandua kwa kidole, betri inatoka, na bado ilikuwa na daraja la IP67 la kuhimili maji. Iliwezekana. Wameamua.

Na wanaamua mengi. Kuna simu ukiweka kioo au betri halisi iliyotoka simu nyingine ya aina ile ile, inakuletea onyo au inakunyima kazi fulani, kwa kuwa spea imefungwa na namba ya bodi. Jimbo la Oregon, Marekani, lilipitisha sheria mwaka 2024 ya kuzuia mtindo huo. Ufaransa mwaka 2021 ilianza kumtaka muuzaji aonyeshe alama, kati ya 0 na 10, ya jinsi simu inavyotengenezeka. Kanuni ya betri ya Umoja wa Ulaya inataka kuanzia 18 Februari 2027 betri za vifaa vya kubeba ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe. Sisi wengine tunaendelea kuambiwa "usiguse".

Tena kuna jambo hamlisemi. Kumpa fundi simu ni kumpa na nywila, picha na mazungumzo yako. Si kila mtu yuko tayari kwa hilo, hasa wanawake. Anayejaribu nyumbani si lazima awe mkaidi. Huenda anajilinda.

Fundi wa Bodi

Hilo la faragha umenishika, sina utetezi. Kuna wenzetu wanapekua simu za wateja, na wanatuchafua wote. Mimi namwambia mteja akae nilipo, au aondoke na nywila yake kama kazi haiihitaji. Kubadilisha tundu la chaji hakuhitaji nywila. Anayekuomba nywila kwa kazi hiyo, muulize ya nini.

Kuhusu kanuni ya Ulaya, soma na misamaha yake, ipo. Simu inayohimili maji yenye betri iliyothibitika kudumu ina njia ya kupita pembeni. Lakini kwa hoja yako ya msingi niko nawe. Sipendi gundi kuliko wewe. Mimi ndiye ninayeshinda nayo.

Mgeni wa Mada

Samahani kuingilia. Yangu imevimba mgongo, kioo kimeinuka upande mmoja, lakini bado inafanya kazi. Naweza kuibana na kitabu kizito ikarudi?

Fundi wa Bodi

Hapana kaka, au dada. Ile ni gesi ndani ya betri, ukiibana unaitafutia pa kutokea. Maadamu bado inawaka: hamisha picha zako sasa hivi kwa chaji iliyopo, usiichomeke tena, izime, iweke juu ya vigae au ndani ya chombo cha chuma chenye mchanga, mbali na mapazia na kitanda. Betri ibadilishwe na mwenye uzoefu, na ile ya zamani isitupwe na taka za jikoni.

Mleta mada

Wakuu, narudi na mrejesho.

Baada ya kusoma hapa sikuigusa tena. Nilimpelekea fundi wa bodi mwenye hadubini, nikakaa pembeni yake. Alipasha kingo za kioo, akakibandua, na jambo la kwanza alilofanya ni kuchomoa mkia wa betri, yaani kiunganishi chake na bodi. Kisha akasugua bodi kwa mswaki laini na alkoholi ya isopropili ya zaidi ya asilimia 90, ule ukijani ukatoka taratibu. Akanionyesha kwenye hadubini njia moja ya chaji iliyoliwa mpaka imekatika, akairuka kwa uzi wa shaba mwembamba kuliko unywele. Akaweka betri nyingine.

Iliwaka. Kamera haifanyi kazi na mguso wa kioo unaruka ruka, lakini dada aliingiza nywila, tukahamisha sauti zote 41, tukazisikiliza mbili palepale na kuzima. Fundi kasema tusiitegemee tena, kutu ikishaanza huendelea.

Kwa hiyo Fundi wa Bodi, ulikuwa sahihi kuhusu hatua ya leo. Ila Bisibisi, nilimuuliza yule fundi swali lako, nikiwa namwangalia anavyohangaika na gundi: kama betri ingekuwa inatoka kwa kucha, dada akaitoa pale pale kwenye ndoo, ile njia ingekatika? Akasema hapana, isingekatika.