Mrejesho: Kikundi chetu kimepata ruzuku

Habari zenu ndugu zangu. Niliwauliza kwa nini kikundi chetu cha kusaidia watoto wenye ulemavu kinakataliwa kila kikiomba ruzuku. Naleta mrejesho: safari hii tumepata!

Ushauri ulionifaa kuliko wote ni ule wa kumwomba maoni mfadhili aliyetukataa. Alijibu kwa upole kwamba hutoa fedha za miradi tu, nasi tuliomba kodi ya ofisi na posho. Kumbe vigezo hatukuvisoma hadi mwisho. Tukatafuta mfadhili anayeendana na kazi yetu, tukampigia simu kabla ya kuandika chochote, kisha tukapanga bajeti ambayo kila kifungu kina shughuli yake. Sehemu ya gharama za uendeshaji tuliionyesha wazi ndani ya mradi, akaikubali. Katiba ya kikundi na hesabu za mwaka jana tulikuwa nazo tayari.

Fedha zinakuja kwa awamu, na ya pili inategemea ripoti, kwa hiyo kila risiti naitunza. Uliyesema tuanze na ruzuku ndogo, nakushukuru kwa dhati. Watoto wanaanza mazoezi ya viungo wiki ijayo.