Tupeane uzoefu: Umewahi kumwona dereva au rubani anakosea? Ulisema au ulinyamaza?

#1 (mleta uzi)
Wakuu, habari za leo.
Mwezi uliopita nilipanda ndege kutoka Dar kwenda Mbeya. Tunakaribia kutua Songwe, matairi yameshashuka, dirishani ukungu mweupe kama maziwa, mara ndege ikanguruma na kupanda tena. Rubani akatangaza kwa sauti ya mtu anayesoma risiti: haoni uwanja, anajaribu mara ya pili. Ya pili nayo ikashindikana, tukarudi Dar. Watu walilalamika! Jirani yangu alikuwa na kikao saa nne, akasema marubani wa siku hizi waoga.
Mimi nikakumbuka basi nililopanda 2019 njia hiyo hiyo. Dereva anaovateki malori kwenye kona za Kitonga, hajui mbele kuna nini, na basi zima kimya tunaangalia bongo muvi. Haya, leteni yenu.

#2
Mikumi, saa tisa usiku, nimekaa siti ya nyuma ya dereva. Namwona kichwa kinashuka, kinastuka, kinashuka. Mdomoni ana njiti ya meno, akisinzia njiti inaning'inia. Nikajisemea labda ndivyo alivyo. Mama mmoja mwenye mtoto ndiye aliyepaza sauti, "Dereva, unalala!" Konda akamjibu, "Mama, kama unaogopa si ungepanda ndege?" Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, ndiyo inayoniuma.

#3
Nilikuwa utingo wa semi miaka miwili. Bosi wangu akifika kwenye mteremko anaweka free ili mafuta yabaki, yanayobaki anauza. Gari lenye mzigo likiwa free, injini hailishikilii tena, mmebaki na breki peke yake, na breki zikichemka hazishiki. Harufu ya kuungua unaipata kabla hujaona moshi. Siku moja nikamwambia. Akaniuliza leseni yangu daraja gani. Nikatulia.

#4
Mkuu #3, hilo swali la leseni limeua hata kwenye ndege. Tenerife, kisiwa cha Hispania, 27 Machi 1977: nahodha wa KLM, shirika la ndege la Uholanzi, mtu anayefundisha wenzake, alianza kuruka bila kibali ndani ya ukungu, na ndege ya Pan Am ya Marekani bado iko kwenye njia hiyo hiyo ya kurukia. Injinia wake aliuliza kama ile nyingine imeshatoka. Akajibiwa imetoka, basi, yakaishia hapo. Walikufa watu 583.
Ya karibu na sisi ni ile ya Kenya Airways, Douala kule Kameruni, 5 Mei 2007, walikufa watu 114. Usiku, hali ya hewa mbaya. Nahodha alidhani mtambo wa kujiendesha umeshika, kumbe haujashika. Karibu dakika nzima hakuna anayeangalia vipimo, ndege inalalia kulia polepole. Onyo la mwinamo lilipolia, nahodha akazidi kuikata kulia. Yeye alikuwa na miaka 52, msaidizi wake 23.
Tangu mambo ya Tenerife, marubani wanafundishwa darasani kabisa namna ya mdogo kumpinga mkubwa. Na mleta uzi, rubani wako wa Songwe hakuwa mwoga. Asipouona uwanja akifika kimo kilichopangwa, anatakiwa apande.

#5
Msiwapambe sana. Nimeenda Mafia na Caravan, kile kindege cha injini moja, nimekaa kiti cha pembeni ya rubani, yuko peke yake kama dereva wa Noah. Ila kabla ya kuwasha alikuwa na karatasi, anapitisha kidole mstari kwa mstari. Katikati kijana wa mizigo akamuuliza kitu. Alipomaliza kumjibu akarudisha kidole juu, akaanza upya.
Halafu mjue hizo takwimu tamu za usalama ni za ndege kubwa za ratiba. Vindege vidogo vya watu binafsi hesabu yake ni nyingine kabisa.

#6
WHO wanasema barabara zinaua watu kama milioni 1.19 kwa mwaka duniani, yaani zaidi ya 3,000 kila siku. Lakini mama yangu akinisindikiza airport analia. Akinisindikiza stendi ya Magufuli ananipa karanga.

#1
😂😂 #6 umeniua. #3, huyo bosi wako yuko wapi siku hizi?

#3
Yupo barabarani, mkuu. Juzi tumepishana Chalinze, akanipigia honi.