Jaji "alichaguliwa tena" 2016, lakini kura zake hazionekani popote. Nisome vipi?

Mwanafunzi_Kasapa
Jambo yenu wote. Kundi letu la sheria hapa UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi) linaandaa kurasa fupi kuhusu majaji wa mahakama za mwanzo, wa kwetu na wa nje. Mimi nimepewa Aaron Persky, aliyekuwa jaji wa Superior Court ya kaunti ya Santa Clara, California. Maandishi mengine yanasema aliteuliwa na gavana, mengine yanasema alichaguliwa. Tena yanasema alichaguliwa upya mwaka 2016, lakini kwenye matokeo ya mwaka huo hakuna jina lake wala idadi ya kura. Na nikitaka kuandika ukurasa wa namna hiyo kwa jaji wa Tripaix (Tribunal de paix, mahakama ya ngazi ya chini) ya hapa Lubumbashi, nianzie wapi? Aksanti.

Maître_Kampemba
Mdogo wangu, yote mawili ni kweli, na California ni jambo la kawaida. Persky alikuwa mwendesha mashtaka wa kaunti hiyo hiyo. Mwaka 2002 aligombea kiti cha jaji akashindwa. Mwaka 2003 Gavana Gray Davis akamteua. Yaandike mawili hayo kwenye mistari miwili, kila mmoja na mwaka wake. Ukiandika tu "jaji tangu 2003", msomaji atadhani wananchi ndio waliomkalisha, wakati mara ya kwanza walipoulizwa walimkataa.

Sasa 2016. Muhula wa jaji wa Superior Court ni miaka 6 na uchaguzi wake hauna chama. Jaji aliye kitini akikosa mpinzani, jina lake haliwekwi kwenye karatasi ya kura, anahesabiwa amechaguliwa. Basi usitafute asilimia, haipo, na usithubutu kuandika "asilimia 100". Andika: "hakuwa na mpinzani, hakupigiwa kura". Ukurasa wa matokeo hautakusaidia kuthibitisha hilo. Tafuta orodha ya wagombea waliorudisha fomu, inayotolewa na ofisi ya uchaguzi ya kaunti baada ya siku ya mwisho.

Tarehe za mwaka huo uzipange kwa makini, maana ndizo zinazoeleza yaliyofuata. Fomu zilifungwa mwezi Machi. Tarehe 2 Juni akatoa adhabu ya miezi sita jela kwa mwanafunzi wa Stanford aliyepatikana na hatia ya kumshambulia mwanamke kingono, na hasira ikaenea nchi nzima. Uchaguzi ulikuwa 7 Juni. Aliyetaka kumpinga kwa sababu ya hukumu hiyo alikuwa amekwisha chelewa kwa karibu miezi mitatu. Kwa hiyo kule "kuchaguliwa tena" hakusemi lolote kuhusu maoni ya wananchi juu ya hukumu.

Yaya_wa_Golf
Naongeza juu ya kuhesabu mihula, kwa sababu hapo ndipo kurasa nyingi zinaharibika. Watu huchukua mwaka wa kuteuliwa wakajumlisha 6. Siyo hivyo. Katiba ya California inasema kiti kilichobaki wazi kinapigiwa kura kwenye uchaguzi mkuu unaofuata baada ya 1 Januari ya pili tangu kiti kiwe wazi. Kiti kikiwa wazi Machi 2021, 1 Januari ya pili ni 2023, uchaguzi ni Novemba 2024. Kikiwa wazi Oktoba 2022, 1 Januari ya pili ni 2024, na uchaguzi ni ule ule wa Novemba 2024. Mmoja aliyeteuliwa anakaa miaka mitatu na zaidi bila kupigiwa kura, mwingine miwili tu. Hesabu tangu kiti kilipobaki wazi, wala si tangu mtu alipoapa. Muhula wenyewe huanza Jumatatu ya kwanza baada ya 1 Januari inayofuata uchaguzi.

Penye wapinzani kuna duru mbili. Mgombea akipata zaidi ya nusu kwenye duru ya awali, yamekwisha. Asipopata mtu, wawili wa juu wanakutana Novemba. Ndiyo maana utaona jaji "ameshinda Juni" na mwingine wa kaunti hiyo hiyo "ameshinda Novemba" mwaka mmoja. Viti vina namba, na mgombea anachagua namba anayoitaka. Fuata namba ya kiti kwenye uchaguzi huo, maana ukifuata jina peke yake hutajua nani aligombea kiti kipi.

Mwanafunzi_Kasapa
Aksanti yaya, aksanti Maître. Basi kuondolewa kwake 2018 nikuweke kwenye sehemu ya nidhamu?

Maître_Kampemba
Hapana, kuweke kwenye uchaguzi. Tume ya California inayochunguza mwenendo wa majaji ilimaliza kazi yake Desemba 2016 ikasema haikuona kosa la nidhamu. Kilichomtoa ni kura ya wananchi. Waliotaka atoke walihitaji saini halali 58,634, wakazipata. Tarehe 5 Juni 2018 karatasi ilikuwa na maswali mawili: aondolewe au abaki, na akiondolewa nani achukue nafasi. Zaidi ya asilimia 60 walisema aondolewe. California haikuwa imemwondoa jaji kwa njia hiyo tangu 1932, walipoondolewa watatu wa Los Angeles. Cindy Hendrickson alichukua kiti, lakini kwa muda uliobaki tu wa muhula ule ule, hadi Januari 2023. Usimpe miaka 6 mipya kuanzia 2018.

Mambo hayo usiyapeleke kwenye majimbo mengine. Texas jaji wa wilaya anagombea kwa tiketi ya chama, miaka 4. Pennsylvania ni miaka 10, halafu wananchi wanaulizwa ndiyo au hapana. Illinois nako wanaulizwa hivyo, lakini ndiyo lazima ifike asilimia 60, kwa hiyo jaji mwenye 58 amepoteza kiti. New York mahakama inayoitwa Supreme Court ni ya kesi za mwanzo, muhula miaka 14. Na majaji wa shirikisho hawachaguliwi kabisa: Rais anateua, Seneti inathibitisha.

Karani_Kamalondo
Nijibu la Tripaix. Hapa kwetu usitafute uchaguzi. Mtu anamaliza sheria, anapita konkuru (mtihani wa ushindani), anateuliwa kwa ordonansi, yaani amri, ya Rais wa Jamhuri kwa pendekezo la CSM, yaani Baraza Kuu la Majistra (majaji na waendesha mashtaka). Soma ibara ya 82 ya Katiba ya 18 Februari 2006, kisha sheria namba 06/020 ya 10 Oktoba 2006 kuhusu majistra, pamoja na marekebisho yake ya 1 Agosti 2015.

Kwenye ukurasa weka tarehe tatu tofauti: ordonansi, kiapo, na kupangiwa kituo. Zinaweza kupishana kwa miezi, na mtu akizichanganya atamfanya jaji aonekane ametoa hukumu kabla hajaapa. Tenganisha pia gredi na kazi. Jaji wa Tripaix na substitut wa parke (msaidizi katika ofisi ya mwendesha mashtaka) wako gredi moja ya kuanzia, na wengi wanapita upande mmoja kwenda mwingine, kwa hiyo miaka ya parke ni sehemu ya safari yake, usiikate.

Ordonansi zikisomwa RTNC, redio na televisheni ya taifa, watu wananakili majina kwa sikio na kuyasambaza kwenye simu. Usitumie orodha hizo. Majina yetu yanafanana sana, mtu wa Kipushi anapewa kazi ya mtu wa Likasi. Ngoja Journal Officiel (gazeti rasmi la serikali), na linganisha namba ya matrikuli inapokuwepo.

Ukisoma hukumu, angalia idadi ya majaji. Kwa sheria ya 11 Aprili 2013, Tripaix inakaa na jaji mmoja kwenye kesi za madai na watatu kwenye za jinai. Inapotumia mila wanakaa watatu, na angalau wawili ni wazee wanaojulikana kwa kuijua mila hiyo. Hao si majistra. Nimeona maandishi yanayowapa cheo cha jaji kwa sababu tu majina yao yako chini ya hukumu.

Mwanafunzi_Kasapa
Papa Karani, kwa hiyo kura haipo kabisa kwa majistra wa Kongo?

Karani_Kamalondo
Ya wananchi haipo. Ndani ya CSM kuna wajumbe wanaochaguliwa na majistra wenzao katika kila eneo la Cour d'appel (mahakama ya rufaa). Hiyo ni kura ya kuwawakilisha wenzao na haimpi mtu ujaji. Na kwenye Mahakama ya Katiba, kati ya majaji 9, watatu wanachaguliwa na Bunge likikaa kama Kongresi (mabaraza yake mawili pamoja), kisha Rais anawateua. Ukikuta jaji wa kwetu ameandikwa "alichaguliwa", uliza kwanza ni ipi kati ya hizo mbili, na kama si mojawapo, lifute neno uweke namba ya ordonansi.