Kutafuta uelekeo kwa antena mbili zilizobanana: kuiga papasi au sikio?

waya_mrefu: Wakuu, nataka kujua transmita ya MHz 433 iko upande gani. Boksi ni dogo, antena mbili zimeachana sm 7 tu na tofauti ya fezi (wimbi kufika antena moja kabla ya nyingine) ni kiduchu. Nikizikunja kwa umbo la papasi (vipapasio vya kichwani) za mdudu nondo nitapata afadhali?

fundi_masafa: Achana na papasi. Zile hunasa harufu, umbo lake halitakupa uelekeo. Cha kuiga ni sikio la nzi Ormia ochracea. Jike lake humsaka nyenje kwa mlio ili amwachie mabuu. Mlio ni kHz 5 hivi, wimbi lake karibu sm 7, wakati masikio yote mawili hayazidi milimita 1.5. Sauti hupishana kwa maikrosekunde 1.5 tu, ila viwambo vya masikio vimeungwa kwa kipande kigumu kinachocheza kama mizani, hivyo mitikisiko yake hupishana kwa maikrosekunde 50 hivi.

Kwako ni hivi: toa jumla na tofauti ya ishara za antena mbili, punguza jumla, kisha zichanganye tena. Wimbi linalokuja sambamba na mstari wa antena hukupa tofauti ya fezi ya nyuzi 36. Punguza jumla desibeli 10 (nguvu ibaki moja ya kumi), zinafika 90 hivi.

waya_mrefu: Jumla na tofauti nazitoaje?

pete75: Pete ya kebo ya TV ya ohm 75, yenye plastiki ngumu ndani (ishara hupita humo kwa 66% ya mwendo wa mwanga, ya povu ina vipimo vingine). Kata vipande vitatu vya sm 11.4 na kimoja cha sm 34.3. Viungo A, B, C, D. Kirefu kiwe D–A. Antena A na C, jumla hutoka B, tofauti D. Pete ya pili ni hiyohiyo kwa kinyume: unaingiza B na D, unapokea A na C. Kipunguzi kinakaa kati ya B ya pete moja na B ya nyingine: ohm 68 katikati, ohm 100 mbili, moja kila upande, kwenda ardhi (ngao ya kebo). Njia ya D–D iwe na urefu uleule, la sivyo fezi inageuka tofauti ya nguvu.

fundi_masafa: Na kebo za antena zilingane kabisa. Sm 1 ikizidi ni nyuzi 8 za uongo, na pete huzikuza karibu mara tatu. Ishara nayo inashuka desibeli 7 hadi 10. Kelele ya nje inashuka nayo, ya risiva haishuki, kwa hiyo transmita ya mbali itakusumbua. Mbele na nyuma bado zinafanana. Hapo ni antena ya tatu, nje ya mstari.