Mkojo wa mwanangu wadondoka tu, na homa imerudi. Naombeni ushauri

UmmuSiyu: Assalaam aleikum. Niko Siyu, mwanangu wa kiume ana miezi miwili. Akikojoa, mkojo hauruki, ni tone tone, na hujikamua mpaka uso wamwiva. Homa imerudi tena, mafua hana, kikohozi hana. Ziwa halitaki na atapika. Bibi yake asema ni mchango, ashachemsha mizizi. Nauli ya boti mwaijua, ndiyo nauliza kwanza.

BintiMkomani: Waaleikum salaam. Dada, mizizi mwaga. Umri huo hata maji hapewi, ni ziwa tu.

BabuWaGati: Wanangu wote walinyweshwa dawa ya mchango na wako hai.

BintiMkomani: Babu, shikamoo, lakini wao mkojo ulikuwa ukiruka.

Muuguzi_Malindi: Mtoto wa chini ya miezi mitatu akifika joto 38, hangojewi. Panda boti ya leo. Mvulana mkojo wake hutoka kwa nguvu. Ukidondoka, huenda ana vali, yaani kijiutando kilichoziba njia tangu tumboni mwa mama. Mkojo hurudi juu, figo zikavimba na kuharibika kimyakimya. Huenda pia ni maambukizi, au yote mawili. Pale King Fahd, hospitali ya Lamu, omba mkojo upimwe na uoteshwe (maabara wakuze vijidudu wavijue), ultrasaundi ya figo na kibofu, na damu ya kreatinini, kipimo cha kazi ya figo. Mkojo wa mfuko wa kubandika usiutegemee sana, huchanganyika na vijidudu vya ngozi. Dawa ya homa ya ibuprofen asipewe.

MamaShela: Wangu alionekana kwenye ultrasaundi ya mimba, figo zimevimba. Mombasa walimtia mpira kwanza mkojo utoke, kisha wakaikata vali kwa kamera, bila kupasua tumbo. Ana miaka minne sasa na kliniki bado twaenda, presha na damu hupimwa. Wengine hudhani vali ikishakatwa mtoto amepona, wakaacha kliniki. Figo zaweza kuchoka miaka baadaye.

UmmuSiyu: Shemeji apata boti, twangoja maji yajae. Tangu alfajiri nepi moja tu imelowa, na chini ya kitovu kuna kitu kigumu.

Muuguzi_Malindi: Huenda ni kibofu kimejaa. Usikikamue. Mkifika, anza na hilo kabla ya kutaja homa. Njiani mpe ziwa kidogo kidogo, na mizizi aliyokwisha kunywa itaje pia, hakuna wa kukugombeza.