Insha ya kuomba chuo: mshauri wa kulipwa, mwalimu, au ami yake?

MamaTudor: Wenzangu, mwanangu anaomba chuo ng'ambo. Kuna mshauri wa Nyali ataka 15,000, kuna mwalimu wake wa Kiingereza, na ami yake aliyesoma nje. Nyumbani hakukaliki, babake ataka insha ianze na ukoo wetu. Nimchukue nani?

Bandarini: Ng'ambo wapi? Mwisho wa kutuma lini? Common App, fomu ya pamoja ya kuomba vyuo vya Marekani, ni insha moja, maneno yasizidi 650. UCAS, mfumo wa kuomba vyuo vya Uingereza, siku hizi ni maswali matatu, herufi 4,000 kwa jumla, na wataka kujua kwa nini somo hilo. Ukoo hawakuulizi.

MamaTudor: Marekani. Januari mwanzo.

Kibokoni1: Mwalimu! Ila asishike kalamu. Amuulize tu, "hapa ulifanyaje?", kisha anyamaze.

JuaKali_Kisauni: ChatGPT dakika mbili, bure.

Bandarini: @JuaKali, Common App wahesabu hiyo kuwa udanganyifu ukiituma kama yako.

ShangaziLikoni: Mshauri? Ngoja niwaambie. Mpwa wangu hutengeneza redio mbovu. Insha yake ya kwanza ilikuwa na mteja aliyekataa kulipa kwa kuwa redio ilishika stesheni moja tu, ya taarabu. Tulicheka! Mshauri akaifuta yote, akaweka "tangu utotoni nina shauku ya kuibadilisha Afrika." Babake akaisifu, mamake akataka dua iongezwe, ikatupwa kwenye grupu la ukoo la WhatsApp kila mtu arekebishe. Ami mmoja alisahihisha koma saa sita za usiku. Kijana akajifungia chumbani, chakula hakugusa. Kwenye mahojiano ya video akaulizwa Afrika ataibadilisha vipi, akabaki kutumbua macho.

Kibokoni1: Grupu ndilo lililomuua.

Mzee_Mvita: Kwani vyuo vyetu vya hapa, TUM na Pwani, vina kasoro gani? KUCCPS wanaogawa nafasi za vyuo hawataki insha, wachagua kozi, alama za KCSE zaamua.

Bandarini: Mzee, mada si hiyo.

Mzee_Mvita: Ndiyo hiyo hiyo. Watoto waenda, hawarudi.

JuaKali_Kisauni: Wengine twarudi, kazi hazipo.

MamaTudor: Na ami yake je? Hamjanijibu.

Kibokoni1: Ami alisoma mwaka gani? Insha za zamani si za sasa.

Mzee_Mvita: @ShangaziLikoni, huyo mpwa bado atengeneza redio? Yangu kanda imekwama.

ShangaziLikoni: Atengeneza. Vuka feri asubuhi, jioni foleni haina adabu.