Mjadala: Uzamili wa uendelevu usimame peke yake, au kila fani ibebe sehemu yake?

Mleta mada:

Wadau, salaam. Kila mwaka dirisha la maombi ya uzamili likifunguliwa, swali hili huibuka kwenye makundi yetu na huishia njiani. Anayetaka kubobea katika uendelevu asome shahada inayojitegemea yenye jina hilo? Au abaki kwenye fani yake, iwe uhandisi, sheria, uhasibu au kilimo, na uendelevu aukute humo humo?

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Abaki kwenye fani yake, lakini alazimishwe kufanya utafiti pamoja na watu wa fani nyingine, mahali pamoja, na tasnifu yake isipite bila saini ya msimamizi kutoka upande mwingine. Shahada inayompokea kijana aliyehitimu juzi na kumpitisha juu juu kwenye kila kitu, siiungi mkono.

Mimi ni mhandisi wa umwagiliaji, kwa hiyo nitazungumzia ninachokijua: mto Ruaha Mkuu.

Mto huu ulikuwa ukitiririka mwaka mzima. Tangu 1993 umekuwa ukikauka kila kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Chini yake kuna mabwawa ya umeme, Mtera yenye uwezo wa megawati 80 na Kidatu yenye megawati 204, na mgawo wa umeme ulipobana, vidole vyote vilielekezwa Usangu, bonde la wakulima na wafugaji lililo juu ya mto. Wengi walisema ng'ombe wameikanyaga ardhioevu ya Ihefu hadi imekwisha. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wakaondolewa na mifugo yao, wengi wakaswaga ng'ombe hadi Pwani na Lindi. Mwaka 2008 Usangu ikaunganishwa na hifadhi. Mto ukaendelea kukauka.

Sasa tuangalie sisi wahandisi tulikuwa wapi. Mabanio ya zamani ya Usangu, yaani vizuizi vya kuelekeza maji ya mto mfereji wa shamba, yalikuwa ya miti, mawe na majani. Masika yakija, mafuriko yanayasomba, wakulima wanajenga upya. Tukaja na zege na milango ya chuma. Kwa vipimo vya fani yetu ilikuwa kazi safi, na wakulima walipumzika kujenga kila mwaka. Lakini banio la miti lilikuwa linavuja, na maji yaliyovuja ndiyo yaliyomfikia mtu aliye chini ya mto wakati wa kiangazi. Banio la zege linaweza kuchukua karibu maji yote yaliyobaki mtoni. Hesabu hiyo haikuwemo kwenye michoro, kwa sababu mchoro uliishia kwenye mfereji mkuu.

Mwanasheria naye aliandika kibali cha maji kwa lita kwa sekunde, na mabanio mengi hayakuwa na kipimo cha kusoma hizo lita. Mchumi akaweka ada akitarajia mkulima atabana matumizi, kumbe aliyelipa alijiona amenunua haki ya kufungua mlango wote. Na watafiti waliopitia kumbukumbu za mabwawa walionyesha kuwa namna maji yalivyofunguliwa Mtera nayo ilichangia upungufu wa umeme wa miaka ya 1990. Yaani sehemu ya kosa walilobebeshwa wafugaji ilikuwa kwenye kitabu cha uendeshaji wa bwawa.

Hakuna hata mmoja hapo aliyekuwa mjinga wa fani yake. Mambo yaliharibikia pale kazi ya mmoja ilipokutana na kazi ya mwingine. Na pale panahitaji mtu aliyekuja na kitu mkononi: anayejua kusanifu lango, au kuandika kibali, au kusoma takwimu za mtiririko. Asiye na hata kimoja ataandika ripoti nzuri, na banio litabaki vilevile.

Karibuni. Nipingeni kwa hoja.

Mhadhiri, Morogoro:

Mkuu, heshima yako, lakini mfano wako unakugeuka. Hao wote uliowataja walisoma fani zao barabara. Miaka yote hiyo nani aliwalazimisha wakutane? Unasema "alazimishwe". Na nani?

Nikueleze hali ya ndani ya chuo. Idara ndiyo inayomiliki mwanafunzi, ada yake na idadi yake. Mhadhiri anapanda cheo kwa makala za fani yake. Akisimamia mwanafunzi wa ndaki nyingine, yaani kitivo kingine, kazi hiyo haihesabiwi popote. Somo la uendelevu likiingizwa ndani ya kila fani hupewa mwalimu mgeni kuliko wote, linawekwa mchana wa Ijumaa, na mtihani wake hakuna anayeuogopa. Nimeliona hilo kwa macho yangu, siyo mara moja.

Ndiyo maana waliotangulia walijenga nyumba. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliunda Taasisi ya Tathmini ya Rasilimali mwaka 1979, ili mtu wa jiografia, wa maji na wa uchumi wakae chini ya paa moja. Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha ilianzishwa kwa ajili ya uzamili na uzamivu. Marekani nako, Arizona State walifungua skuli ya uendelevu mwaka 2006, na Stanford wakafungua yao 2022 kwa mchango wa dola bilioni 1.1 kutoka kwa mtu na mkewe. Hawakwenda kuziomba idara hisani.

Bila nyumba, bajeti na mkuu wa skuli anayeingia kikaoni, uendelevu utabaki aya ya mwisho kwenye tasnifu za watu.

Mhasibu, Dodoma:

Naingia upande wa mleta mada, ila kwa sababu nyingine.

Juni 2023 bodi ya kimataifa ya viwango vya taarifa za uendelevu ilitoa viwango viwili, IFRS S1 na IFRS S2. Cha pili kinahusu tabianchi. Kampuni inayovifuata inapaswa kueleza hatari za tabianchi kwa namna ambayo mwekezaji ataziunganisha na hesabu zake. Habari ya kupanda miti na kupiga picha haitoshi tena.

Sehemu moja niliyofanya kazi walimwajiri kijana mwenye uzamili wa uendelevu. Ni mchapakazi na ana moyo. Akaandika sura ndefu kuhusu ukame. Nikamuuliza: hasara hii tunaiweka wapi? Ni kushuka kwa thamani ya mitambo? Ni tengo, yaani fedha za kutengwa kwa hasara inayotarajiwa? Au bado ni maelezo tu chini ya hesabu? Hakuwa na jibu. Akanigeukia: chanzo cha maji cha kiwanda kitadumu miaka mingapi, ili tujue mitambo ihesabiwe uhai gani? Mimi sikuwa na jibu. Tulikaa wiki nzima tukifundishana, na ile ripoti ikawa na maana.

Kwa hiyo kwangu swali la nyumba ni la pili. La kwanza ni kama kuna mtu chuoni alishawahi kutukalisha hivyo kabla hatujaanza kulipwa mshahara.

Mwombaji kazi, Mwanza:

Mnajadili mkiwa mmeshiba. Mimi ninayo hiyo shahada inayojitegemea. Tangazo la ajira linasema uhandisi, au sayansi ya mazingira, "au fani inayofanana". Ninapofika kwenye usaili, swali la kwanza: wewe hasa ni nani? Sheria ya Mazingira ya 2004 imeleta kazi nyingi za tathmini ya athari kwa mazingira, ila kwenye timu kila mtu anaitwa kwa fani yake, mimi naitwa kukusanya maoni ya wananchi.

Na hayo maoni msiyadharau. Nilichojifunza, na sitakirudisha, ni kukaa na mfugaji chini ya mti siku nzima na kuondoka na jambo ambalo dodoso lisingeweza kulipata. Huko Usangu angekuwepo mtu wa namna hiyo mapema, pengine ng'ombe wasingeswagwa mpaka Lindi.

Kutoka Nairobi:

Ndugu zetu, mmemsahau Profesa Wangari Maathai. Fani yake ilikuwa anatomia ya mifugo. Mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamivu. Alipokuwa akikusanya kupe kwa utafiti wa ndigana kali, alisimulia mwenyewe, aliona ng'ombe waliokonda mbavu nje na mito iliyojaa udongo mwekundu, akatambua kuwa tishio kubwa kwa ng'ombe yule halikuwa kupe. Mwaka 1977 akaanzisha Green Belt Movement, harakati ya kupanda miti, na 2004 akatunukiwa Nobeli ya Amani.

Fani yake ndiyo iliyompeleka shambani, hilo nakubali. Lakini kazi yenyewe aliifanya nje ya idara, na kina mama wa vijijini. Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuja kuipa taasisi ya amani na mazingira jina lake baadaye sana. Mimi nasema tusisubiri kila mara mtu mwenye ujasiri wa kiwango kile. Nyumba ijengwe.

Mleta mada:

Nashukuru kwa michango. Mhadhiri, umenibana pazuri, na nitakujibu moja kwa moja.

Nyumba iwepo. Tunachobishania ni nyumba hiyo imiliki nini. Nataka idara imshike mwanafunzi, na taasisi ishike mahali: ishike mto, vifaa vya kupimia, fedha za utafiti na ile saini ya pili. Mwanafunzi wa sheria, wa uhandisi, wa mifugo na wa uhasibu wapelekwe kwenye banio lile lile mwezi Oktoba, maji yakiwa yamebaki kidogo kabisa. Kabla hawajaruhusiwa kuandika sura ya kwanza, mwenye uhandisi aeleze kibali kinasemaje, na mwenye sheria apime mtiririko kwa mkono wake. Na usimamizi wa pamoja uhesabiwe kwenye kupanda cheo. Tume ya Vyuo Vikuu na mabaraza ya vyuo wanaweza kuliandika hilo kwenye miongozo. Hapo ndipo kwenye mabavu uliyoniuliza.

Ndugu wa Mwanza, sidharau ulichojifunza. Nataka mhandisi naye alazimike kukijifunza, badala ya kukuachia wewe peke yako kisha akuite msaidizi.

Naharakisha kwa sababu kosa linalofuata tunaliona linakuja. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji limesanifiwa kwa megawati 2,115. Zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji yanatoka mto Kilombero, na bonde la Kilombero ni miwa, mpunga, mifugo na ardhioevu, vyote kwa pamoja. Ni Usangu nyingine, ila safari hii umeme ulio chini yake ni mara saba ya Mtera na Kidatu kwa jumla. Wanaopokelewa uzamili mwaka huu ndio watakaosaini michoro, vibali na hesabu za bonde lile.

Mwanafunzi, Iringa:

Shikamoo kaka mkubwa. Nina shahada ya kwanza ya sheria. Nimepata nafasi mbili: uzamili wa sheria ya mazingira, na uzamili wa maendeleo endelevu. Nichukue ipi?

Mleta mada:

Marahaba, mdogo wangu. Usichague kwa jina. Nenda kwenye idara zote mbili, uliza maswali haya. Nani atakuwa msimamizi wangu wa pili, na anatoka ndaki gani? Tasnifu tatu za mwisho mlizopitisha, naweza kuzisoma? Angalia kama kuna hata moja iliyo na data za mtu wa fani nyingine. Kuna bajeti ya kwenda uwandani, au ni barua ya utambulisho tu?

Wakikujibu vizuri kwenye sheria ya mazingira, nenda huko, kisha uombe msimamizi wa pili awe mtu wa maji. Wakikwepa, na wa maendeleo endelevu wakakuonyesha mto na watu wake, nenda kwao. Ila usiache kujisajili kwa mafunzo ya uwakili. Na ukikosa msimamizi wa maji popote, rudi hapa jukwaani, tutakutafutia.